Rubisi ya Nyumba ya Nane

Senene wa zamani walianguka alfajiri. Wa siku hizi sijui huanguka saa ngapi, maana naona vijana wanawatega kwa taa na mabati. Sisi tulitoka na umande, magoti yamelowa, kila mmoja na kikapu chake, tukiwaokota kwenye nyasi kabla jua halijawapasha mbawa wakaruka. Walikuwa chakula cha wanaume. Wenzangu wa rika langu mnakumbuka: mwanamke akamate, anyonyoe mbawa na miguu, akaange, ampelekee mume kwenye jani la mgomba, kisha yeye arudi jikoni kunusa vidole. Bibi yangu mzaa baba alikuwa akiwala kwa siri. Nilimfuma. Alinigeukia, mguu wa senene umenasa kwenye jino lake la mbele, akaniambia, "Ukisema utaota ndevu." Sikusema, na ndevu zimeniota hivyo hivyo, tatu, hapa kidevuni.

Siku moja ya senene tulikuwa tunanyonyoa ndani, mvua ikaja, paa likavuja moja kwa moja juu ya kikapu. Tukakisogeza, likavuja pale tulipokisogezea. Nyumba yetu ilikuwa msonge, nyasi zake nyeusi kwa moshi na laini kwa kuoza, na mvua ikinyesha ilinuka kama mbwa aliyelowa. Nikamwuliza Bibi kwa nini Tata haezeki upya. Tata ndivyo tulivyomwita baba. Bibi akasema bila kuinua kichwa, "Aezeke ya nani?"

Nikaona Bibi amezeeka, kasahau kwamba nyumba ni yetu. Tulilala humo, tulipika humo, mbuzi wetu walijisaidia humo. Bibi akafa, tukamzika kwenye migomba ya nyuma, na hata hapo sikujua kwamba tumemzika kwenye migomba ya mtu. Kile kibanja chetu cha migomba kilikuwa nyarubanja, shamba la mkubwa mmoja wa huko Igurwa. Watu kama sisi tulikaa humo kwa hisani yake, tukamlimia siku zake, tukampelekea mikungu ya ndizi na pombe, na siku akituchoka tungefunga virago. Nilikuja kuelewa siku mkubwa huyo alipomtuma mtu. Mtu mwenyewe alikuwa mpole, alikunywa maji yetu, akamwambia Tata kwamba mpwa wa Bwana anaoa. Tata akasema ni habari njema. Yule mtu akasema ndiyo, ni habari njema, na atahitaji mahali pa kukaa. Wote wawili wakatazama migomba. Baadaye yule mtu akasema, "Si leo. Baada ya mvua mbili, tatu hivi."

Mama akauliza jikoni, "Tutakwenda wapi na watoto?" Watoto tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu Petro. Tata alikuwa mtu asiyejibu haraka.

Ndipo tukasikia habari za watu wa Jumamosi. Jina hilo tuliwapa sisi, wao walikuwa na jina refu la kanisani ambalo limenitoka. Walikuwa wakulima tu, watu wa ndizi na kahawa kutoka Nyaishozi na Igurwa, Walutheri wengi wao na Wakatoliki wawili watatu waliokuja kwa sababu hakuna aliyewafukuza. Kila Jumamosi walikusanyika kumjengea mtu nyumba ya pembe nne, kwenye rweya, yaani kwenye uwanda wa nyasi nje ya vibanja vya wakubwa. Hawakulipwa. Aliyewaongoza ni Fundi Yeremia, seremala Mkerewe aliyeletwa kutengeneza madirisha ya kanisa, akakaa. Kinyambo, lugha yetu, hakukijua, kwa hiyo mambo yote ya Jumamosi yalisemwa kwa Kiswahili. Kiswahili nyumbani kwetu kilikuwa kama kiti cha mgeni. Kilikuwapo, lakini hatukukikalia.

Sheria zao zilikuwa mbili. Anayetaka nyumba ajenge kwanza nyumba saba za wenzake. Ya nane ndiyo yake, na kiwanja kiandikwe jina lake kwenye kitabu cha gombolola, yaani ofisi ya serikali ya pale, asije mkubwa mwingine kumhamisha. Hiyo moja. Ya pili, pombe isionekane. Wengi wao walikuwa wameokoka, na pombe kwao ilikuwa kama nyoka. Pombe ikionekana kwenye ujenzi, mwenye zamu anapoteza zamu.

Tata akajiandikisha.

Nikikumbuka miezi ile naona uchovu tu. Sioni sura ya Tata, naona miguu yake. Siku mbili za juma alimlimia Bwana. Siku tatu alilima chetu, au kile tulichodhani chetu. Jumamosi alikwenda kukanyaga udongo wa kukandikia nyumba za watu, na Jumapili alisinzia kanisani, mdomo wazi, Mama akimfinya. Visigino vyake vilipasuka, udongo ukaingia kwenye nyufa ukakauka, na jioni Mama alikaa na mwiba wa mchungwa akiuchokoa kidogo kidogo. Nikisikia harufu ya udongo mbichi wa ukutani mpaka leo mwili wote hulegea, nikatafuta pa kukaa. Wajukuu wanafikiri ni magoti.

Mimi na Mama tulikwenda pia. Wanawake walichota maji, wanaume walichimba mashimo ya nguzo, wakafunga fito kwa kamba za migomba, wengine wakakanyaga. Palikuwa na jirani yetu mmoja, Kashaija, mtu wa maneno, yeye nyumba yake ilikuwa imekwisha kujengwa lakini aliendelea kuja. Nadhani alikuja kwa ajili ya kutusema.

"Bitegeko," alimwambia Tata, "mbona unaukanyaga udongo kama unaogopa kuuamsha?"

"Acha ulale. Wenye bahati ya kulala ni wachache."

"Nenda ukalale na wewe."

"Wapi? Kwako?"

"Kwangu hapana. Mke wangu atakuzoea."

Watu wakacheka, Tata naye akacheka kidogo, na miguu ikaendelea. Huo ndio ucheshi wote ninaoukumbuka.

Nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya tatu ilikuwa ya mama mjane mmoja mwenye watoto wanne. Alilia siku ya kukabidhiwa, akashika mlango wa mbao akaufungua na kuufunga, akaufungua na kuufunga, mpaka Fundi akamwambia, "Mama, bawaba zitachoka." Haukupita mwezi mtoto wake mmoja akashikwa na homa akafa. Watoto walikufa sana wakati ule. Wakubwa walimzika wakarudi mashambani. Mimi sikurudi popote. Mimi nilikuwa nimeanza kuelewa jambo, na nilielewa vibaya.

Lilikuwa neno. Kila Jumamosi kabla ya kazi Fundi Yeremia alisimama, akavua kofia, akasema maneno yale yale. "Nyumba hii hainunuliwi. Nyumba hii ni ya watu kujitolea. Watu wasipojitolea, hakuna nyumba." Kutoa nilikujua: toa mbuzi shambani, toa majivu. Kutolea nilikujua kutoka darasa la katekisimu, ambako mwalimu alikuwa na picha ya Ibrahimu na kisu, na yule kijana amelala juu ya kuni, na mwalimu alisema Ibrahimu alikuwa akimtolea Mungu mwanawe. Mimi nikaunganisha. Kila nyumba inatoa mtu. Ndiyo maana hawataki shilingi, ndiyo maana hawataki pombe. Mjane amekwisha kutoa wake.

Mtasema ningeuliza. Ningemwuliza nani? Mama alikuwa akilala akiwa bado amekaa.

Nikaanza kuchunguza kila nyumba iliyokwisha. Ya nne, mzee wao alianguka akavunjika nyonga. Ya tano, kijana wao alitoroka kwenda Uganda kuchuma pamba ya watu. Ya sita hawakupatwa na kitu, nikasubiri, ng'ombe wao akafa, nikajisemea labda ng'ombe anakubalika. Hilo la ng'ombe nililishika. Nililikumbatia kabisa.

Tata akamaliza ya saba. Tukafikiri zamu imefika. Fundi akaja nyumbani, akakaa kwenye kigoda, akasema kuna mzee kipofu, nyumba yake imeungua, tumpishe. Tata akasema sawa. Tukampisha. Kisha kukawa na mwalimu wa dini aliyehamishwa pamoja na mke na watoto sita. Safari hii pia Tata akasema sawa. Yetu ikawa ya kumi kwa kuhesabu, lakini sisi nyumbani tuliendelea kuiita ya nane. Yule mtu mpole wa Bwana alikuwa amekuja mara ya pili, na safari hiyo hakunywa maji.

Mwishowe Jumamosi yetu ikafika. Zilihitajika Jumamosi tano. Nguzo za mkaratusi zikasimama, fito zikafungwa, paa likapauliwa, likaezekwa nyasi mpya za manjano zilizonukia vizuri mpaka unataka kuzila. Niliingia ndani kabla hakujakandikwa, mwanga ukipita katikati ya fito pande zote, nikasimama pembeni. Sikuwahi kusimama kwenye pembe ya nyumba yetu. Msonge hauna pembe. Nilibanwa na kuta mbili nikasikia raha, na raha hiyo ikanitisha, maana nyumba ilikuwa nzuri sana, na nzuri sana ingetaka kitu kikubwa.

Na Petro alikuwa na homa.

Sasa niwaambie kuhusu rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kwetu mtu akikusaidia kujenga unamnywesha. Hilo si la ulevi. Watu wanakaa kwenye nyasi mbele ya nyumba mpya, mwenye nyumba anaonja kwanza, anawapa, wanakunywa, na hapo ndipo kila mtu anajua nyumba ni ya nani. Tata alikuwa amekunywa kwenye nyumba za watu tangu ujana wake. Pombe aliyokamua yeye kila mara ilibebwa kwenda kwa Bwana. Hakuwahi hata siku moja kukaa mbele ya nyumba yake akampa mtu kibuyu akamwambia asante, kunywa.

Siku tatu kabla ya Jumamosi ya mwisho nilimwona akibeba ndizi mbivu kwenda bondeni, kwenye migomba ya zamani. Nikamfuata. Alikuwa ameficha mtumbwi wa kukamulia chini ya majani makavu. Alikanyaga ndizi na nyasi ndani yake, polepole, kwa visigino vile vile. Akachanganya mtama uliokaangwa. Aliponiona hakukasirika.

"Hii ni yetu," akasema kwa Kinyambo. "Ya nyumba. Usimwambie mama yako."

"Na Fundi?"

"Fundi ni mgeni, hajui. Wakishamaliza kazi, wakishaweka vifaa chini, si ujenzi tena. Nitawaita. Atakayekunywa anywe, asiyekunywa akae tu. Nataka wakae."

Alichovya kidole akanipa nilambe. Ilikuwa bado tamu, haijachachuka. Hakuwahi kuongea nami maneno mengi kiasi kile, na hakuongea tena.

Jumamosi asubuhi watu wakaja kukandika. Petro alikuwa amelazwa kwenye mkeka chini ya mgomba, macho yamelegea. Fundi Yeremia akavua kofia. "Nyumba hii hainunuliwi," akasema, na mimi nikajua mengine yote. Aliposema watu wasipojitolea hakuna nyumba, alikuwa anamtazama Petro. Labda alimwonea huruma. Mimi niliona anachagua.

Nikangoja mpaka yuko peke yake anapiga randa ubao wa mlango. Nikapiga goti.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mama. Mdogo wako hajambo?"

"Msimtoe Petro."

"Nimtoe wapi?"

"Kuna kitu kingine. Chukueni hicho. Ni kikubwa, mtumbwi mzima. Rubisi ya Tata, iko bondeni, ameificha. Chukueni hiyo, Petro mwacheni."

Akaacha kupiga randa. Nusu ya kwanza ya maneno yangu hakuielewa, ya pili aliielewa yote. Akakaa juu ya ule ubao. Alikuwa mtu mzima, na nakumbuka aliifunga mikono yake pamoja katikati ya magoti. "Ah," akasema. Hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyetua mzigo akaambiwa haujafika.

Mama alikufa akiamini ni Kashaija aliyesema. Alimchukia Kashaija maisha yake yote, hata msibani kwake alikwenda akakaa upande wa nje. Ningeweza kumwambia. Nilikuwa na miaka arobaini ya kumwambia.

Fundi hakutaka kelele. Alimwita Mama pembeni, si Tata, na hapo ndipo alipokosea, lakini alidhani anafanya heshima. Akamwambia ameambiwa kuna rubisi bondeni, na sheria anaijua. Watu wanne wanasubiri zamu, wakisikia huyu ameachiwa na wao wataachiwa. "Ikiwa haipo, sikuona kitu," akasema. "Ikiwa ipo, nyumba inakwenda kwa anayefuata."

Mama alitazama nyumba. Ukuta mmoja ulikuwa umebaki. Akachukua jembe akashuka bondeni, nami nikamfuata nyuma. Aliondoa majani, harufu ikapanda, kali na nzuri, imechachuka sawasawa. Akaingiza mpini chini ya mtumbwi akauinua upande mmoja. Ulikuwa mzito. Nikamsaidia kusukuma. Rubisi ikaenda kwenye mizizi ya migomba, povu likabaki juu ya udongo, nyuki wakaja.

Tulipogeuka Tata alikuwa amesimama juu yetu kwenye njia, udongo umempanda mpaka mapajani.

"Ilikuwa ama hiyo ama nyumba," Mama akasema. "Bitegeko, mtoto anaumwa. Mvua inakuja. Ningefanyaje?"

"Umefanya vizuri," Tata akasema. Na ninaamini alimaanisha.

Akapanda kwenda kwa Fundi. Watu walikuwa wakiendelea kukandika, wengine wakaacha. Tata alijitahidi kwa Kiswahili, neno moja moja.

"Ile si ya kulewa, Fundi. Ile ya kushukuru."

"Najua, ndugu yangu. Lakini hapa hakuna anayeshukuriwa. Sisi tumejitolea."

"Na mimi? Jumamosi zote zile?"

"Na wewe umejitolea, Bitegeko. Hakuna aliyejitolea kuliko wewe."

Nilisikia hilo kwa masikio yangu. Nikamwangalia Petro kwenye mkeka, nikamwangalia Tata, nikajua wamekwisha kuchagua, na nitasema ukweli, nilichosikia kwanza moyoni kilikuwa nafuu.

Tata akaitikia kwa kichwa. Kashaija akasema, akitaka watu wacheke, "Haya Bitegeko, njoo tumalize, udongo unalala." Tata akasema, "Nimechoka, Kashaija." Alisema taratibu, kama mtu anayemwambia mwenzake saa. Lakini alirudi akamaliza ule ukuta. Alikandika mpaka juu, akalainisha kwa kiganja, akaondoa jani lililonasa. Fundi akaweka mlango. Karani wa gombolola akaleta kitabu, Tata akaweka dole gumba. Wakaomba, wakaimba, wakachukua majembe yao wakaenda, kila mtu na njia yake, kama walivyofanya kwenye nyumba zote. Hakuna aliyekaa.

Mama alimbeba Petro akaingia naye. Homa ilimtoka siku ya pili, na Petro yupo mpaka leo, ana wajukuu na ubishi. Tata alikuwa bado nje. Aliosha miguu kwenye ndoo, mguu mmoja, halafu mwingine, akaikausha kwa nyasi. Akavaa koti lake la Jumapili. Mama akamwuliza kutoka ndani kama anakwenda kuwaangalia mbuzi. Akasema, "Narudi sasa hivi."

Alishika njia ya juu, ile ya kwenda Kyerwa na Uganda. Hakuharakisha. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mkono wangu juu ya ubao mpya. Alipofika kwenye kona alikutana na mtu ambaye sikuweza kumwona, nikasikia wanasalimiana kwa utaratibu wote, habari za nyumbani, za watoto, za mifugo. Tata akajibu wote ni wazima. Kisha nyasi zikamficha, na hatukumwona tena.